Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anayefundishwa kwa Udadisi

Barua nyingi zilizotufikia katika miezi hii zimegusa jambo moja, nalo ni shule za kimataifa ambazo somo huanza kwa swali badala ya maelezo ya mwalimu. Wapo wazazi waliopendezwa, wapo waliokasirika, na yupo mwalimu mmoja ambaye, kwa kusoma barua yake, naona amechoka. Nimechagua barua tano. Majina ya walioandika na ya shule zao nimeyaacha, kwa kuwa ninachokijadili hapa ni mbinu ya kufundisha na sina kesi na shule yoyote.

Mwanangu anasoma au anacheza?

*Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka minane. Mwaka jana tulimhamisha kutoka shule ya mchepuo wa Kiingereza tukampeleka shule ya kimataifa hapa Dar es Salaam. Tangu ahamie sijaona kitabu cha kiada hata kimoja kwenye begi lake. Ripoti ya muhula haina nafasi yake darasani wala asilimia. Juzi kazi ya nyumbani ilikuwa kuniuliza maji ya bombani yanatoka wapi, na nilipomwuliza mwalimu amewafundisha nini kuhusu maji, akanijibu kwamba bado wanachunguza. Mimi na baba yake tunajinyima ili ada ipatikane. Naomba unieleze bila kuzunguka: mtoto huyu anasoma au anacheza?*
Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam

Marahaba, mama. Anasoma, ikiwa mwalimu wake anaijua kazi yake. Sharti hilo ndilo nitakalolieleza kwa kirefu, maana shule mbili zinaweza kutumia maneno yale yale kwenye vipeperushi vyao, na mtoto akatoka katika moja akiwa na maarifa, na katika nyingine akatoka na picha za kubandika ukutani.

Kwa maelezo yako, shule hiyo inaelekea kufuata Programu ya Miaka ya Msingi ya taasisi ya International Baccalaureate, ambayo walimu huiita kwa herufi zake, PYP. Taasisi hiyo ilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 1968. Mji huo ulikuwa na shule ya kimataifa tangu mwaka 1924, iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na wa mashirika mengine, watu ambao leo wako nchi hii na kesho wako nchi ile. Shida ya kwanza iliyotatuliwa ilikuwa ya vijana wa mwisho wa sekondari, waliohitaji cheti kitakachopokewa na vyuo vikuu vya nchi nyingi. Watoto wadogo walifikiwa baadaye sana: PYP ilizinduliwa mwaka 1997, kwa watoto wa miaka 3 hadi 12. Hapa kwetu inafundishwa katika shule kama Shule ya Kimataifa ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1963, na kule Mombasa katika Aga Khan Academy, iliyofunguliwa mwaka 2003.

Sasa tuingie darasani. Masomo ya programu hii hufungwa pamoja chini ya mada sita zinazorudi kila mwaka: sisi ni nani, tuko wapi katika mahali na wakati, tunavyojieleza, dunia inavyofanya kazi, tunavyojipanga, na kuishi pamoja katika sayari moja. Mtoto wa umri wa mwanao hupita katika zote sita kwa mwaka, kila moja kwa majuma kadhaa, na wale wadogo wa elimu ya awali huruhusiwa kupunguziwa hadi nne. Kila mada huwa na sentensi moja inayoiongoza, ambayo walimu huiita wazo kuu, na chini yake njia tatu au nne za uchunguzi ambazo mwalimu amezipanga kabla mtoto hajaketi. Hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Wanadhani swali la mtoto ndilo linaloamua kitakachofundishwa, kumbe katika shule iliyo makini swali hilo hupokewa ndani ya uwanja ambao mwalimu amekwisha kuuchora.

Nitakupa mfano niliouona kwa macho yangu, na kwa bahati nao ulikuwa wa maji. Nilialikwa kukaa nyuma ya darasa la watoto wa miaka tisa, muda mfupi baada ya mgao wa maji wa mwaka 2022, ambao wewe mkazi wa Dar es Salaam huna haja ya kusimuliwa. Wazo kuu lilikuwa kwamba maisha ya watu wa mjini hutegemea chanzo cha maji ambacho wengi wao hawajawahi kukiona. Siku ya kwanza mwalimu aliweka ndoo ya lita 20 katikati ya darasa, akauliza familia moja hutumia ndoo ngapi tangu kuamka hadi kulala. Watoto walibahatisha: nne, kumi, mia. Aliandika makisio yote ubaoni bila kusema nani amekosea, akawatuma nyumbani wakahesabu kwa juma zima. Majibu yalipokuja walichora grafu ya nguzo, na mtoto mmoja aliyeleta ankara ya maji ya kwao akauliza uniti moja ni kiasi gani. Mwalimu alimjibu papo hapo kwamba ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, halafu akawaachia wao watafute ni ndoo ngapi. Wakapata hamsini.

Juma la pili walifungua ramani na kuufuata Mto Ruvu kutoka milima ya Uluguru hadi kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kisha hadi bombani. Mtoto mmoja akauliza swali ambalo nakiri hata mimi nililingojea: kama mto umepungua na bahari ipo pale pale tunapokwenda kuogelea Jumapili, kwa nini tusinywe ya bahari? Siku iliyofuata mwalimu alichemsha maji ya bahari katika sufuria yenye kifuniko, wakaonja kwa ncha ya kijiko matone yaliyoganda kwenye kifuniko na kukuta hayana chumvi, na sufuria ilipokauka wakaiona chumvi yenyewe imebaki chini. Baada ya hapo, na hapa ndipo naomba utulie, mwalimu alishika chaki akafundisha kwa dakika arobaini mzunguko wa maji: mvuke, mawingu, mvua, mito. Alifundisha kwa mdomo wake, watoto wakaandika kwenye madaftari, na kesho yake wakapewa jaribio. Hakukuwa na mchezo wowote, isipokuwa kwamba walipofundishwa walikuwa tayari wana kitu cha kukishikilia.

Kwa hiyo mwalimu aliyekujibu kwamba "bado wanachunguza" amekupa nusu ya jibu. Nenda kamwombe nusu ya pili. Mwulize wazo kuu la mada hii ni lipi, na mtoto atakuwa anajua nini mwisho wake ambacho hakukijua mwanzoni. Mwombe pia akuonyeshe kazi ya mwanao ya juma la kwanza na ya juma la nne, uziweke mezani pamoja. Mwalimu aliyejipanga atakufungulia faili kabla hujamaliza sentensi, na anayebabaika, basi na wewe una haki ya kubabaika kuhusu ada yako.

Kuhusu vitabu, ni kweli kwamba mada za namna hii hazifuati kitabu kimoja cha kiada, kwa sababu hakuna kitabu kimoja chenye ankara yako na Mto Ruvu pamoja. Lakini hesabu na lugha zinahitaji mfuatano, na mimi ningependa kuona daftari la hesabu linalojaa. Kuhusu nafasi darasani, programu hii haina mtihani wa nje mwishoni, wala haiwapangi watoto kwa namba. Hupimwa kwa maelezo ya alichoweza na asichoweza, na katika mwaka wa mwisho watoto hufanya uchunguzi mrefu wa jambo walilolichagua wenyewe na kuuwasilisha mbele ya wazazi na shule. Kutojua kama mwanao ni wa tatu au wa kumi na tatu hakukuzuii kujua anachokijua. Ila ripoti ikiandika tu kwamba mtoto "anaonyesha udadisi", irudishe. Omba iandikwe udadisi wa nini na umezaa nini.

Jedwali la kuzidisha atalivumbua lini?

*Mwalimu, asalaam aleikum. Binti yangu ana miaka kumi, yuko shule ya kimataifa hapa Mombasa. Jioni huenda chuoni, na juzuu alizohifadhi si haba. Lakini ukimwuliza saba mara nane anaanza kuhesabu vidole. Mwalimu wake ameniambia nisimkaririshe, kwa sababu akielewa maana ya kuzidisha, majibu atayavumbua mwenyewe. Mimi ni mtu wa duka. Nikisubiri kila karani wangu avumbue, wateja watakwenda kwa jirani. Nimwamini mwalimu?*
Baba wa mabinti watatu, Mombasa

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Katika hili usimwamini.

Nakumbuka watoto wale wale wa maji. Kulikuwa na bomba linalovuja nyuma ya jiko la shule, na kikundi kimoja kiliamua kupima. Bilauri ya robo lita ilijaa kila baada ya dakika 10. Maana yake bilauri sita kwa saa, yaani lita moja na nusu, na kwa siku nzima lita 36, karibu ndoo mbili zinazokwenda bure. Ni hesabu nzuri, na barua waliyomwandikia mwalimu mkuu ilifanya bomba litengenezwe. Lakini nilimtazama mvulana mmoja aliyetaka kujua bilauri ngapi kwa saa 24. Hakujua sita mara ishirini na nne, wala hakujua njia ya kuipata. Aliandika sita, akajumlisha sita, akajumlisha sita, na alipofika ya kumi na saba akapoteza hesabu, akaacha. Wenzake walikuwa wamekwisha hamia kwenye swali kubwa zaidi. Udadisi wake haukukosa kitu ila ile zana ndogo ambayo angekuwa amepewa miaka miwili kabla.

Jambo hili limebishaniwa na wataalamu. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala iliyosomwa sana, wakidai kwamba kumfundisha mwanagenzi kwa mwongozo haba hakufai, kwa sababu kumbukumbu ya binadamu ya muda mfupi hubeba vitu vichache kwa wakati mmoja, na mwenye kuanza jambo akiachwa atafute mwenyewe hutumia nguvu zote katika kutafuta, zisibaki za kujifunza. Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver na wenzake wawili waliwajibu. Ukilisoma jibu lao kwa makini utaona hawakutetea kumwacha mtoto peke yake. Walisema ufundishaji wa udadisi ulio mzuri umejaa msaada wa mwalimu, ngazi kwa ngazi, na kwamba kuuita wa mwongozo haba ni kuukosea. Mwalimu wa binti yako anautetea udadisi ambao hata watetezi wake hawaukubali.

Mtoto anayejua saba mara nane bila kufikiri huiacha akili yake iwe huru kufikiri mengine. Ndivyo ilivyo hata kwa kusoma: herufi na silabi hufundishwa, hazivumbuliwi, na Kiswahili chetu kinamrahisishia mtoto kwa kuwa kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, tofauti na Kiingereza chenye mitego kila mstari. Wewe mwenyewe una ushahidi nyumbani. Binti aliyehifadhi juzuu hana upungufu wa kumbukumbu. Mpe dakika kumi kila jioni baada ya chuo, kwanza jedwali la mbili, la tano na la kumi, kisha hayo magumu ya saba na nane, na siku za mapumziko mweke dukani upande wa kurudisha chenji. Wala usimfiche mwalimu wake. Mwambie waziwazi unachofanya na kwa nini. Walimu wengi wa shule hizi huafiki wakiambiwa kwa heshima, na wengine wao, wakiwa chumba cha walimu, wamenikiri kwamba wanatamani mzazi afanye hivyo kwa sababu muda wao umemezwa na mada.

Mjukuu haachi kuuliza

*Mwalimu, mjukuu wangu alikuja likizo kutoka shule hizo mnazozisifu. Wageni wamekaa barazani, mtoto anawakatiza wazee na kuuliza "kwa nini" kwa kila neno. Nikamkemea, mama yake akanuna, akasema shuleni wanafundishwa hivyo. Sisi hatukulelewa hivyo.*
Babu, Tanga

Shikamoo, mzee wangu. Kukatiza mazungumzo ya wakubwa hakumo katika mtaala wowote ninaoujua. PYP yenyewe inataja sifa kumi inazotaka mwanafunzi awe nazo: udadisi ndiyo ya kwanza, lakini zimo pia kujali wengine na kujua kuwasiliana, na kuwasiliana ni pamoja na kungoja zamu. Ulimkemea sawa.

Hata hivyo, mzee, sikubali kabisa kwamba sisi hatukulelewa kwa maswali. Jioni, baada ya chakula, bibi alisema "Kitendawili!" nasi tukasema "Tega!" Hakutupa jibu. Alituacha tuhangaike, tukataja hiki na kile, na tuliposhindwa alidai mji, akaupokea na kuusifia kwa raha zake, ndipo akategua. Jibu lile hatukulisahau. Mpe mjukuu wako saa hiyo ya maswali, na ya wageni iwe ya kunyamaza.

Mwalimu aliyeambiwa asifundishe

*Mwalimu mwenzangu, nimefundisha shule ya serikali miaka tisa, darasa la watoto zaidi ya sabini, kisha nikapata nafasi katika shule ya kimataifa hapa Arusha. Nina watoto ishirini na wawili. Nilidhani nimepumzika, kumbe ndiyo kwanza nimeanza kutaabika. Nimezoea azimio la kazi na andalio la somo. Hapa naambiwa nisitoe majibu, nifuate maswali ya watoto. Watoto wanauliza mambo arobaini kwa siku, dinosaria, kifo, kwa nini mbwa wa jirani ana jicho moja, na kengele ikilia sijui nimefundisha nini. Nahisi ninalipwa kwa kusimamia kelele. Nifanyeje?*
Mwalimu, Arusha

Pole, mwenzangu, mimi nami nilivuka daraja hilo hilo, na muhula wa kwanza nilikuwa nalala na viatu. Acha nikwambie kitu ambacho hukuambiwa kwenye mafunzo ya siku mbili uliyopewa: azimio la kazi na andalio la somo hujavitupa, umevibadilishia jina. Udadisi unahitaji maandalizi mazito kuliko somo la kawaida, kwa sababu mwalimu wa somo la kawaida hujiandaa kwa njia moja, na wewe unajiandaa kwa njia nne ukijua utapita mbili.

Anza na wazo kuu, uliandike kwa Kiswahili chako mwenyewe hata kama mnafundisha kwa Kiingereza. Usipoweza kulisema kwa lugha unayootea ndoto, hujalielewa. Kisha jiulize ni dhana gani unayotaka watoto waondoke nayo. Programu yenyewe inakupa saba: umbo, kazi, sababu, mabadiliko, uhusiano, mtazamo na wajibu. Hizo ni namna za kuuliza. Kitu hiki kikoje? Kinafanyaje kazi? Kwa nini kiko hivi? Kinabadilikaje? Kinahusianaje na kingine? Nani anakiona vingine? Tuna wajibu gani? Chukua mbili tu kwa mada moja. Wanaochukua zote saba hawamalizi hata moja.

Maswali arobaini usiyafuate yote. Weka karatasi kubwa ukutani, kila swali liandikwe na liwekewe jina la mwenye nalo, maana mtoto akiliona swali lake limeandikwa hutulia hata kabla ya kujibiwa. Ijumaa mkae chini nayo na kuyachambua pamoja: haya tunayajibu kwa kuangalia kitabu dakika mbili, haya kwa kumwuliza mtu anayejua, haya kwa kupima au kujaribu, na haya hayahusiani na mada, tutayatunza. Kazi hiyo ya kuchambua ni somo tosha. Mtoto anayejua kwamba swali la kifo halijibiwi kwa rula, na swali la urefu wa dinosaria halijibiwi kwa maoni, amejifunza jambo ambalo watu wazima kadhaa kwenye simu zao hawajalijua. Jicho la mbwa ni la kumwuliza jirani.

Kuhusu kutotoa majibu, umeambiwa vibaya. Lipo jibu ambalo mtoto anaweza kulifikia kwa juhudi ya siku mbili, na hilo ukimpa umemnyang'anya. Lipo jingine ambalo hata akae mwaka hataliona, kama vile jina la mto, mwaka wa tukio, au namna ya kugawanya kwa njia ndefu. Hilo mpe na uendelee. Na watoto wako wanapokuwa wageni kabisa katika jambo, fundisha kwanza, waulize baadaye. Wakikomaa legeza kamba.

Naona pia katika barua yako kama aibu fulani, kana kwamba miaka yako tisa ya serikalini haikukufundisha chochote kinachofaa huko. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba elimu yetu inapaswa kumjengea kila raia akili yenye kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchukua kinachomfaa, na kujiamini kama mtu huru na sawa na wenzake. Shamba la shule na banda la kuku lilikuwa na hesabu ya mbegu, sayansi ya udongo na uraia wa kugawana mazao, kama lingetumiwa hivyo. Mara nyingi liligeuka kuwa mahali pa adhabu, na hiyo ni habari ya kusikitisha ya siku nyingine. Miongo saba kabla ya hapo John Dewey, katika shule ndogo aliyoifungua Chicago mwaka 1896, alikuwa akiwafundisha watoto sayansi na historia kwa kupika, kufuma na useremala. Kwa hiyo unapoingia darasani kesho usijihisi mgeni aliyeokotwa. Ukiwa na watoto sabini ulijifunza kuona kwa kona ya jicho nani amepotea. Watoto ishirini na wawili wanaofanya mambo tofauti kwa wakati mmoja wanakuhitaji kwa jicho hilo hilo.

Na kengele ikikaribia kulia, zuia dakika saba. Kila mtoto aandike sentensi mbili: leo nimejua nini, na nimekijuaje. Ukizisoma usiku utajua kama ulifundisha.

Tunarudi nyumbani, Kiswahili kimepotea

*Ndugu Mwalimu, tumekaa Nairobi miaka mitano kwa sababu ya kazi. Mtoto wetu ana miaka kumi na amesoma muda wote katika shule ya kimataifa kwa mtindo huo wa udadisi. Mwakani tunarudi Dodoma, na ada za namna hiyo hatutaziweza tena. Nafikiria kumpeleka shule ya kawaida. Anajieleza vizuri, anasoma vitabu vinene vya Kiingereza, lakini Kiswahili chake ni cha kuombea maji, na mtihani wa kukaa na kujaza majibu hajawahi kuufanya. Atamudu?*
Baba, kwa sasa Nairobi

Atamudu, lakini msipoteze muda uliobaki. Kinachonitia wasiwasi kwake ni Kiswahili, kuliko mtihani. Ukimpeleka shule ya msingi ya serikali, hisabati na sayansi atazisoma kwa Kiswahili, na huko kuna msamiati ambao hata mtoto anayezungumza vizuri nyumbani hana. Mwanao huenda anaeleza barabara jinsi jani linavyotumia mwanga kutengeneza chakula, lakini akikutana na neno usanisinuru atakodoa macho. Huenda anatafuta mzunguko wa kiwanja bila shida, ila hajui kwamba swali linauita mzingo. Na kigawe kidogo cha shirika kitamtisha kwa jina tu, ilhali jambo lenyewe analijua. Hayo ni maarifa yanayongoja majina, na majina hufundishika kwa miezi michache.

PYP huzitaka shule zifundishe lugha ya pili kuanzia miaka saba, na shule nyingi za Nairobi na Dar es Salaam huweka Kiswahili kwenye ratiba. Tatizo ni kwamba hubaki kipindi cha nyimbo na majina ya matunda, wakati mada zote nzito za udadisi zinafanywa kwa Kiingereza. Mtoto ni mwepisi wa kunusa lugha ipi ina cheo. Nimesema haya kwenye vikao vya shule hizo mara kadhaa, na nimepewa chai nzuri.

Ukimpeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza, mshtuko utapungua, lakini hata huko Kiswahili ni somo la lazima na kitapimwa na Baraza la Mitihani. Kwa utaratibu uliozoeleka kuna upimaji wa kitaifa darasa la nne na mtihani wa kumaliza darasa la saba. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, inaiweka elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, kwa hiyo mwulize mwalimu mkuu wa shule mtakayoichagua kundi la umri wa mwanao linaangukia wapi katika mabadiliko hayo. Usitegemee maneno ya majirani wala ya wakenya wenzako wa sasa, kwani huko nako mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 na ngazi zote zimepangwa upya.

Mtihani wenyewe ni ufundi, nao hujifunzwa. Mtoto aliyezoea kusema "inategemea" atapoteza alama kwa maswali ya kuchagua, kwa sababu ataona ukweli kidogo katika kila jibu. Mfundishe kwamba hapo mtungaji anataka jibu moja, na kwamba mjadala anaweza kuufanya baada ya kukabidhi karatasi. Mpe karatasi za miaka iliyopita, moja kwa juma, kwa saa iliyowekwa mezani.

Kuhusu Kiswahili, anzeni leo. Nunua vitabu vya kiada vya darasa la tatu na la nne vya Sayansi na Hisabati, uanze na vya chini ya umri wake ili asikate tamaa, na kila jioni asome kurasa mbili kwa sauti, akieleza kwa Kiswahili kile alichokwisha kukijua kwa Kiingereza. Mezani zungumzeni Kiswahili, nanyi wazazi msimjibu akiuliza kwa Kiingereza. Likizo ya Desemba mpelekeni kwa bibi yake kama yupo, bila nyinyi na bila tableti, kwa majuma matatu au zaidi. Kwa mtoto aliyelelewa katika kuuliza, bibi na kijiji kizima watakuwa na kazi ya kujibu, na yeye atalazimika kutafuta maneno.